Nilivyoipatia mikanda mashine yangu ndogo ya msasa

Kuna fundi mmoja hapa Bombo, Uganda, jina namhifadhia, aliyenishauri niipeleke mashine yangu kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwingine alisema ni ya watoto wa shule. Leo nina hamu ya kuwajibu, kwa sababu mashine hiyo hiyo ndiyo iliyopiga msasa rehali (vile vibao vya kuwekea Msahafu) za madrasa nzima kabla ya Ramadhani, na bado inanguruma.

Ni msasa wa mkanda, ule mdogo unaoshikika kwa mkono mmoja. Shemeji alitoka nao Marekani, kaufunga katikati ya nguo. Mkanda wake una upana wa inchi mbili na nusu, na mzunguko wa inchi 14. Shika vipimo hivyo, maana ndivyo vilivyozaa vurugu zote. Uzito ni kilo mbili na ushee. Zile kubwa za inchi nne wanazotumia maseremala wa Nsambya na Bwaise kule Kampala zinakaribia kilo sita. Kwa meza ya kulia chakula sina neno nazo, ila hebu iinue moja usugue ukingo wa mlango uliovimba kwa mvua na bado uko kwenye bawaba zake, halafu uniambie mabega yanasemaje.

Kwanza umeme. Kwenye kibandiko imeandikwa volti 120, ampea 5.5. Ukutani kwetu ni 240. Jirani akasema, "Wewe ichomeke tu, uiwashe na kuzima upesi upesi." Huyo nilimwacha aendelee na chai. Wa pili alizungumza kama mhandisi: eti hata nikiweka transfoma itaungua, kwa kuwa kule ni Hz 60 na hapa ni Hz 50. Si kweli. Mota ya mashine hii ni ya kaboni, yaani ina vijipande vya kaboni vinavyoipitishia umeme, ukichungulia kwenye matundu unaziona cheche za bluu zikicheza, na mota ya namna hiyo haibagui 50 wala 60. Kinachoiua ni volti. Zidisha 120 kwa 5.5 upate wati 660, halafu usinunue transfoma ya wati 700 ukadhani umemaliza. Mota ikianza huvuta zaidi, na namba za kwenye maboksi zina majigambo. Nilichukua ya 1500 pale Nakasero, kwenye maduka ya Kampala, kwa laki na kitu, sikumbuki vizuri, pamoja na boda ya kuifikisha kituo cha taksi. Ni nzito kuliko mashine yenyewe.

Mkanda uliokuja nayo haukuchukua muda. Nilikuwa na vipande vya mvule, na atakayekuambia mvule ni mbao laini kwa msasa hajawahi kukutana na mawe yake. Mti ule huweka chokaa ndani ya mbao, vipande vigumu vyeupe vyeupe ambavyo kwa nje huvioni. Unateleza vizuri, ghafla unasikia sauti ya kukwaruza, ukigeuza mashine unakuta mstari mweupe umepita kwenye mkanda, punje zote zimenyofoka mpaka kwenye kitambaa.

Nikaenda kutafuta mwingine. Ndeeba hakuna. Nakasero ipo ya inchi tatu kwa 18, tatu kwa 21, nne kwa 24. Kijana wa duka akanishikia ya tatu kwa 18: "Mzee, chukua hii, ukikaza itaingia." Nikamuuliza itaingiaje wakati ni ndefu kwa inchi nne na inapita upana wa rola zinazouzungusha mkanda. Akasema, "Wengine huwa wanachukua." Kuagiza kutoka Marekani kuliwezekana, lakini gharama ya kusafirisha ilipita bei ya mikanda yenyewe.

Msasa wa kitambaa unaouzwa kwa mita ndio ulionifungua macho. Upo kila duka la vifaa vya ujenzi, elfu chache tu kwa mita, na unakatika kwa kisu ukikata kutoka mgongoni. Kazi ni kuunga. Hapo ndipo yule fundi wa vyuma chakavu alipojitokeza na utaalamu wake: lalisha ncha juu ya ncha, paka gundi ya viatu, piga nyundo. Nikamwambia gundi ile hulainika ikipata joto. Akasema nisimfundishe gundi, yeye anashona mpaka viti vya magari. Basi tukaenda kwake, kwa gundi yake. Mkanda ukazunguka vizuri sana, akanitazama kwa tabasamu la ushindi, akaanza kusugua mguu wa kiti chake mwenyewe. Mashine ikawa inaruka kidogo kila kiungo kinapopita chini, tak-tak-tak-tak, maana palikuwa na unene wa misasa miwili. Kisha bamba la chuma linaloukandamiza mkanda likapata joto. Kiungo kikaachia, mkanda ukachomoka nyuma kwa kishindo, ukapita juu ya meza na kukiangusha kikombe cha Hajjati aliyekuja kudai kabati lake. Hajjati hakuumia. Fundi alitafutiwa maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Njia iliyokubali ni hii. Ncha mbili zikatwe mshazari, zikutane ukingo kwa ukingo, zisilaliane kabisa. Mshazari una faida: kiungo kinapanda kwenye rola kidogo kidogo badala ya kugonga mara moja. Mgongoni unabandika kiraka chembamba. Mimi nilitumia kitambaa cha mwavuli uliovunjika, nailoni nyepesi isiyovutika, na gundi ya mirija miwili inayochanganywa. Paka nyembamba sana. Ikiwa nene inakauka kama kioo na rola ndogo zitaipasua. Halafu bana kati ya mbao mbili mpaka kesho yake, na usisahau kutia kavera (mfuko wa plastiki) juu na chini, la sivyo utakuwa umeunga mkanda na mbao.

Sasa rehali. Ubao mmoja unachanwa katikati, unachongwa vidole vya bawaba, unafunguka kama mkasi. Karibu na vidole hivyo mashine kubwa haifiki, ndogo inaingia. Ustadhi alitaka za mbao ya mugavu, nami nilizipiga msasa namba 80, ulio mkavu zaidi, kisha 120, nikimalizia kwa mkono. Iwashe ikiwa hewani kwanza, na usiisimamishe mahali pamoja hata kwa kupiga chafya, itachimba bonde. Chafya zitakuja, kwa sababu vumbi la mugavu linawasha pua vibaya, na la mvule wengine linawatoa vipele na kuwabana kifua. Ule mfuko mdogo wa vumbi ni pambo tu, vaa barakoa. Mkanda ukihamia upande, zungusha kifundo cha pembeni polepole mpaka ukae katikati. Mkanda wa kiraka unahitaji hilo mara kwa mara.

Kwa mbao za paini, utomvu unaziba mkanda upesi. Usiutupe. Chukua soli ya kiatu cha mpira wa asili, ile ya rangi ya asali, uigandamize kwenye mkanda unaozunguka, uchafu unatoka wote. Ya tairi haifai, inaacha weusi. Mikanda ya dukani ina mshale mgongoni, ufuate. Niliyounga mwenyewe inakwenda upande wowote, na hilo nalihesabu kuwa ushindi dhidi ya kiwanda.

Kaboni za mota yake pia hazipatikani hapa. Nilinunua za grainda, kubwa kidogo, nikazisugua juu ya msasa ule ule wa mita mpaka zikaingia kwenye nyumba zake bila kukwama wala kulegea. Ile springi ya zamani inayoisukuma kaboni usiitupe, irudishe.