Si 53% njo ilinikatalia

Kila wiki kuna mdogo mmoja ananiandikia kwa WhatsApp, ametoka kwa Exetat, ule mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, na pointi zake za kubembeleza, anauliza kitu kilekile: "Yaya, na 52 mutu anaweza kuomba shule ya teatre ya muziki Marekani?" Nimejibu kwa ujumbe wa sauti mpaka mega zinaisha. Sasa naandika mara moja, mtasoma hapa.

Mimi nilipata 53. SMS iliingia nikiwa nimesimama kwa kabine ya simu ya mama mmoja kule Katuba, hapa Lubumbashi, nikaisoma mara tatu nikifikiri labda namba zimegeuka, halafu nikakumbuka zikigeuka ni 35, nikanyamaza na 53 yangu. Nyumbani walinimwagia poda kichwani mpaka nikapiga chafya, juu kwetu kupita ni kupita, poda ya 53 na poda ya 80 ni ileile.

Shida ilianza siku nilisema nataka kusoma teatre ya muziki, ile ya kuimba na kucheza na kuigiza kwa pamoja. Papa hakukasirika, afadhali angekasirika. Aliniuliza pole tu: "Mama, kuimba unaimbaka kila siku ya Mungu, sasa diplome ni ya kufanya nini?" Tantine wangu ye alimaliza maneno: "Pointi zikikosa, njo batu banakumbukaka ma-art." Na huu ni mji wa kundi la Mwondo Théâtre, mji wa Mufwankolo na wachekeshaji wake, watu walijaza radio na televisheni na Swahili yetu hii hii! Lakini basi. Jengo la teatre la mji, lile la 30 Juin, siku hizi wanakutana wadepite, wabunge wa jimbo, sie tunafanyia mazoezi nyuma ya parokia.

Ile neno ya tantine iliniingia vibaya, maana nilianza kutafuta shule kama mtu anatafuta mlango wa nyuma. Niliandika kwa simu "shule za pointi chache", nikatoka na listi ndefu ya ovyo, na wiki mbili zilipotea hapo.

Kitu sikujua ni hiki. Kwa programu nyingi za BFA, ile digrii ambayo karibu theluthi mbili ya masomo ni sanaa yenyewe, dosie yako inapita kwa mikono miwili. Chuo kinaangalia pointi, idara inaangalia unavyoimba na kuigiza, na mara nyingi inabidi wote wawili waseme ndiyo. Uzito haufanani. Tisch, shule ya sanaa ya chuo kikuu cha New York (NYU), wanasema wazi kwamba ni nusu kwa nusu, masomo na sanaa. Boston Conservatory hawaulizi hata SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani. Na tangu 2020 vyuo vingi vimeacha kulazimisha SAT, ingawa vingine vimerudisha, kwa hiyo unasoma ukurasa wa kila chuo, huamini listi ya mtu, hata yangu.

Mimi nilikuwa nimepanga hivi: BFA nijaribu, nikikosa nichukue BA ya teatre, ile digrii ya kawaida yenye masomo mengi ya jumla, juu ni nyepesi. Kumbe kwa mtu wa pointi kama zangu ni kinyume! BA nyingi hawakuitishi odisheni, sasa wakikuona watakuona na nini? Na biltini tu, ile karatasi ya pointi za shule. Yaani nilikuwa nimeweka tumaini langu la akiba mahali ambapo silaha yangu ya pekee hairuhusiwi kuingia.

Sasa ile ya biltini, hapa mnisikilize vizuri sababu hakuna mtu alinieleza. Kwetu 50 unapita, 70 ni distinction na mama yako anaita majirani. Kule Marekani shule nyingi chini ya 60 ni kuanguka, na A inaanzia 90. Kwa hiyo ukituma biltini uchi, na 58 na 61 zako, mtu wa ofisi kule anaona mtoto ameanguka miaka sita mfululizo. Kwa Common App, ile tovuti ya kuombea vyuo vingi kwa pamoja, kuna fomu ya shule ambayo wewe hujazi, anajaza mtu wa shule yako, na hapo kuna nafasi ya kueleza jinsi pointi zinavyohesabika.

Nilienda kwa bwana prefe, mkuu wa shule yetu, na fomu imechapwa, nimeitafsiri kwa bic katikati ya mistari. Alivaa miwani, akasoma, akavua miwani. "Banataka niseme uko wa ngapi mu klasi?" Ndiyo, bwana prefe. "Ulikuwa wa ine." Mimi mwenyewe sikujua! Na 61 ya biltini nilikuwa wa nne kwa watu 38. Aliandika kwa mkono kwanza, Kifaransa kizito cha zamani, kwamba kwenye shule yake kwa miaka mingi mwanafunzi kupita 75 ni nadra, akapiga muhuri mara mbili, mmoja ulitoka hafifu. Halafu tukakwama sababu Common App inamtumia yeye link kwa imeli, na imeli ya shule ilikuwa ya sekretere wa zamani ambaye alishahamia Kolwezi na paswedi yake. Siku tisa kuipata. Kama unafikiria kuomba, anza na imeli ya prefe wako, mi sichezi.

Sehemu ya kueleza kwa nini pointi zilishuka nayo ipo. Mwaka wa sita papa alikuwa mgonjwa na nilikuwa nauza unga soko la Kenya asubuhi kabla ya masomo, niliandika hiyo yote kwa urefu, machozi yalinitoka nikiandika. Mwalimu wangu wa Kiingereza alisoma akauliza, "Unaomba huruma ao unaomba shule?" Tulibakiza mistari mitano: nini kilitokea, lini, na pointi zilipanda tena muhula gani. Ikatosha.

Mtihani wa Kiingereza nilifanyia nyumbani, ule wa Duolingo, kama saa moja hivi, kamera imewashwa na mtu mwingine haruhusiwi kuonekana. Mara ya kwanza mtoto wa yaya aliingia kuomba biskuti. Mara ya pili umeme ulikatika. Sitaki kuongea.

Basi nikaomba vyuo saba. Common App inaruhusu mpaka 20 lakini kila chuo kina ada yake ya maombi, na video nazo wengine wanatoza tofauti, ukiandika kuomba msamaha wa ada wengi wanakubali, wengine hawajibu. Watano walinikataa. Nikasema si nilijua, 53 imenimaliza, tantine alikuwa na haki.

Ni yule mwalimu alinikalisha chini tukaangalia tarehe. Watano wote walinikataa kwa hatua ya video, ile wanaita priskrini, unatuma mbele ya odisheni yenyewe: nyimbo mbili zisizofanana, monologi fupi, na kucheza kidogo. Hatua hiyo ni ya idara. Watu waliokaa wakaangalia video zangu, kwa kawaida hawana hata biltini mbele yao. Wanachukua watu kama 20 kwa mwaka, pengine chini, na wanaoomba ni mamia na mamia. 53 yangu hakuna aliyefika kuiona.

Tukafungua video. Kwanza nilikuwa nimerekodi ndani ya kanisa, juu sauti inasikika kubwa, ile ekoo inabeba kila kitu mpaka malaika wanaitikia. Lakini maneno? Hakuna neno hata moja linashika. Halafu tukazima sauti tukaniangalia tu. Nimefunga macho. Mikono imeshikana hapa kifuani. Kidevu juu. Nikimaliza mstari naangalia dari. Wimbo wenyewe ni wa msichana anamwambia mwanaume atoke kwake na vitu vyake, na mimi naimba kama naleta matoleo altareni! Tulicheka mpaka mwalimu akakohoa. Miaka kumi na moja ya korale iko yote mu mwili, imekaa kwa mabega na kwa shingo, na hakuna biltini inaweza kurekebisha hiyo.

Wawili waliobaki walinipitisha, kwao nilikuwa nimetuma video nyingine, niliyorekodi kwa haraka uani sababu muda ulikuwa unaisha, kuku wanasikika nyuma, lakini hapo nilikuwa nimemkasirikia mdogo wangu kweli na hasira ikaingia mu wimbo. Odisheni nilifanya kwa intaneti mwezi wa pili. Mmoja alikataa. Mmoja alisema ndiyo, idara na chuo wote wawili, na barua ya prefe ilikuwa imefanya kazi maana hakuna aliyeniuliza tena kuhusu pointi.

Ila pointi ziliningojea kwa kona nyingine. Mgeni hapati zile pesa za serikali ya kule, unabaki na bursi za chuo, yaani ufadhili, na bursi nono nyingi zinafuata pointi. Nilipewa ya kipaji, ndogo. Kilichobaki kulipa kwa mwaka mmoja papa alikiandika kwa karatasi, akakunja karatasi, akaiweka mfukoni, hakusema kitu mpaka bukari, ugali wetu, ikaisha. Nafasi nikaiachilia.

Mwaka huu naomba tena, vyuo vinne tu, nimechagua kwa kuangalia nani anatoa pesa kwa odisheni na si kwa biltini. Na chuo cha Tshwane kule Pretoria, Afrika Kusini, nimekiongeza, wana teatre ya muziki pia, unapanda bisi unapita mpaka wa Kasumbalesa unaenda, vyeti vyetu inabidi SAQA, ofisi ya kule ya vyeti, wavitathmini kwanza na ile nimeshaanza.

Video narekodi Jumamosi, uani. Jirani ana mashini ya kusaga na anaiwasha saa mbili, kwa hiyo saa kumi na mbili nitakuwa nimesimama pale, mdogo wangu njo atashika simu. Nimemwomba anikasirishe kidogo mbele tuanze.