Nilivyosimamia dawa za TB za mdogo wangu

Majirani walijua mdogo wangu atalazwa. Hakulazwa hata usiku mmoja. Siku hizi TB ya kawaida inatibiwa mgonjwa akiwa kwake. Kliniki ni ya kuchukulia dawa, kupima uzito na kurudia makohozi. Kazi ya kila siku inabebwa na msimamizi wa matibabu, na mgonjwa mwenyewe ndiye anayemchagua. Akanichagua mimi, dada yake.

Tulianzia foleni ya wagonjwa wa nje. Mhudumu alipita akiuliza nani anakohoa wiki mbili au zaidi. Waliojitokeza wakapewa barakoa, wakakaa benchi la nje penye upepo na kuonwa kwanza. Walionung'unika walikuwepo, kwangu ule ndio mpango bora niliouona pale. Makohozi yakapimwa kwa mashine ya GeneXpert, ambayo huonyesha pia kama vimelea ni sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za TB. Angekuwa na TB sugu tungeingia njia nyingine, ile ya hospitali kama Kibong'oto kule Siha, Kilimanjaro. Akapimwa na VVU, na mwanangu wa miaka mitatu tunayekaa naye akachunguzwa, akaanzishiwa dawa za kinga.

Dozi ni miezi sita: miwili ya mwanzo dawa nne ndani ya kidonge kimoja, minne inayofuata dawa mbili. Idadi ya vidonge inafuata kilo. Yeye alikuwa na kilo 51, kwa hiyo vitatu kwa mkupuo. Ni mtu wa bodaboda, anatoka alfajiri, nami nikawa naamka kabla hajawasha pikipiki. Anameza nikimwona, naweka tiki kwenye kadi. Mkojo ulipogeuka rangi ya machungwa alishtuka, lakini nesi alishanitonya kwamba ni rifampisini hiyo, kwa hiyo jibu nilikuwa nalo.

Shida ilikuja kikohozi kilipokoma na hamu ya kula kurudi. "Dada, mimi nimeshapona, hivi vidonge vya nini tena?" Sikubishana naye, nikampeleka kliniki. Nesi akafungua rejista, akaziba majina ya wengine kwa karatasi, akamwonyesha mstari wake: makohozi ya mwezi wa pili, safi, mwezi wa tano, patupu, mwisho wa dozi, patupu. "Hapa pakijazwa ndiyo nitakuandika umepona." Akatoka kimya na pakiti zake.

Kisha ukatokea msiba Handeni, naye akataka kubaki kule kusaidia shamba. Nusura aondoke na dawa za wiki moja tu mfukoni. Nikamtanguliza kliniki: wakamwandikia fomu ya uhamisho, nesi akapiga simu kituo cha kule, mjomba akapokea usimamizi. Kadi ilirudi Dar imepauka kwa vumbi, tiki zote zipo, na makohozi ya mwisho yakatoka safi.