Kamba kwanza, kalamu baadaye: nilivyoiandika ajali

Ajali yenyewe siisimulii hapa. Lilikuwa basi la usiku, na kwa muda mrefu harufu ya dizeli peke yake ilitosha kunirudisha pale. Nitaeleza nilivyofanya, maana ule ushauri wa "andika tu, utatua mzigo" ni nusu ya kweli.

Nilianza na kamba. Njia hii inatoka kwenye tiba ya kusimulia maisha iliyoasisiwa na wanasaikolojia Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert, ikatumika kwa wakimbizi nchini Uganda, pamoja na wale wa Nakivale, ambako wakimbizi wenyewe walifundishwa ushauri. Tandaza kamba sakafuni, mita mbili au tatu. Ncha moja ni kuzaliwa kwako. Ya pili iache imeviringwa, hiyo ni miaka ambayo haijafika. Weka ua palipokuwa na jema, jiwe palipoumiza, jiwe kubwa kwa jambo kubwa. Kila kimoja kipe jina fupi na umri uliokuwa nao, basi. Hapa bado hakuna kusimulia. Kisha ichore kamba hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari. Kiwewe huufanya mwili uone jambo la zamani kana kwamba linatokea sasa hivi, na kamba inalirudisha mahali pake na mwaka wake. Kwenye tiba hasa mshauri hukaa nawe. Mimi nilimwomba dada yangu awe chumba cha pili.

Sasa kalamu. Katika jaribio la mwanasaikolojia James Pennebaker na Sandra Beall, lililochapishwa 1986, wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walijisikia vibaya zaidi mara baada ya kuandika, lakini miezi iliyofuata walikwenda kituo cha afya mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Kwa hiyo huzuni ya saa ile isikutishe. Ila usiandike wakati wa kulala, utakesha nayo.

Wengi huharibu kwa kuegemea upande mmoja. Ukiandika matukio matupu, yanakuwa maelezo ya polisi: "gari liliacha njia saa nane usiku". Ukiandika hisia tupu, ukurasa mzima ni "naumia, naumia". Sentensi inayofanya kazi hubeba vyote: "Kioo kilipopasuka niling'ang'ania kiti cha mbele, vidole vikafa ganzi, nikajua wanangu siwaoni tena."

Kosa jingine ni kurudia hadithi ileile kila siku. Kufikia siku ya tatu angalia kama "kwa sababu", "kumbe" na "sasa naona" zimeanza kuingia. Pennebaker aliona kwamba wanaozidisha maneno ya aina hiyo ndio wanaonufaika zaidi. Hazijaingia? Jiandike kama mtu mwingine: "Yule mama aliyekaa nyuma ya dereva..."

Palipogoma maneno nilichora, kwa mkaa wa jikoni nyuma ya kalenda kuukuu. Naupenda kuliko kalamu za rangi: unafutika kwa kidole, na humuondolea mtu hamu ya kuchora vizuri. Harufu na sauti zichore kama madoa na mistari.

Weka alamu ya zile dakika 15. Ikilia, acha hata katikati ya sentensi, nawa uso kwa maji baridi, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona. Bila alamu unaishia kutonesha kidonda. Ulichoandika si cha kusomwa na mtu, na usikitume WhatsApp; ukitaka chana, choma.

Wiki za kwanza baada ya tukio usianze kabisa. Na ukiwa unaandika ukajikuta hujui uko wapi, au likaja wazo la kujidhuru, funga daftari uende hospitali yenye huduma ya afya ya akili: Muhimbili kwa walio Dar es Salaam, Mirembe kwa walio Dodoma, Mathari kwa walio Nairobi. Nenda na ule mchoro wa kamba, utakupunguzia kusimulia upya tangu mwanzo.