Siku moja ya seremala wa vizimba vya nyoka, Tabora

Saa 11:30 alfajiri

Julai ya Tabora ina baridi yake. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kipimajoto kilichoning'inia ukutani mwa karakana yangu kinasoma nyuzi 14. Hukitazama hata kabla ya kunawa uso. Mtu hujifunika blanketi, kuku hukumbatiana bandani, lakini nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe. Analichukua pale alipo, na kama pale alipo ni ndani ya kizimba nilichokigongea misumari, basi joto hilo ni jukumu langu.

Natengeneza vitanda, makabati na milango kama mafundi wengine wa Ng'ambo. Vizimba vya nyoka viliingia baadaye, kimoja kimoja, na vimenifundisha kuuliza maswali ambayo mteja wa kabati haulizwi.

Saa 1:00 asubuhi

Chai na michembe iliyochemshwa na karanga. Binti yangu anaulizia kizimba cha babu wa nyoka kama kinakwenda leo. Namwambia kinakwenda, ila babu mwenyewe bado hajaamua atamweka nani ndani. Anashangaa. Kwangu huo ndio mpangilio mzuri: ujue nafasi uliyo nayo kwanza, ndipo uulize ni nyoka gani anaweza kuishi humo maisha yake yote.

Saa 2:00

Kwenye kona ya karakana kuna kizimba cha zamani, urefu sentimita 90. Sijakiuza wala kukichoma. Kijana mmoja alikuja na mtoto wa chatu ndani ya ndoo, urefu wake kama mkono wangu, akataka kitu cha haraka. Nilipima nyoka niliyemwona. Sikumuuliza habari ya kibali, wala sikumuuliza huyu akikua itakuwaje. Kufikia mwaka wa pili chatu yule alikuwa amepita mita 2, amejikunja mle kama kamba iliyoshindiliwa kwenye gunia, na pua yake imechubuka hadi nyama kwa kuisugua kwenye wavu usiku kucha akitafuta pa kutokea. Maofisa wa wanyamapori walikuja wakamchukua. Kizimba kilirudishwa kwangu kikiwa bado na damu kavu kwenye waya.

Tangu siku hiyo sikubali nyoka aingie kizimbani mwangu kabla ya kujua akikomaa ana urefu gani. Kipimo changu cha chini ni hiki: upande mrefu wa kizimba usipungue urefu wa nyoka akijinyoosha. Kuna wanaosema nyoka hupenda kubanwa. Anapenda maficho ya kumbana, ndiyo, lakini maficho ni kona ya nyumba yake, nyumba nzima haiwezi kuwa maficho.

Cha leo kina sentimita 120 kwa 60, kimo 60. Kuta ni mninga, kwa sababu mbao nene hushika joto, na mgongoni plaiwudi. Ndani nimepaka vanishi ya maji, kikakaa wazi wiki mbili mpaka harufu ikaisha kabisa. Pembe zote nimeziziba kwa silikoni ili mkojo usinywewe na mbao. Matundu ya hewa yako pande mbili, chini upande wa baridi na juu upande wa joto, hewa ipate njia. Mbele ni vioo viwili vya kuteleza. Hapo ndipo nyoka wengi hutorokea, kwenye upenyo kati ya kioo na kioo. Napitisha kalamu. Ikipenya, nyoka mdogo naye atapenya. Leo haipenyi.

Saa 4:00

Mwalimu, yule babu wa nyoka, ni mstaafu, anakaa njia ya kwenda Kwihara, ambako wageni huenda kuona tembe alilokaa Livingstone. Kizimba kimefungwa kwenye mkokoteni, mimi na kijana wangu tunasukuma tukipita chini ya miembe. Anatupokea barazani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Umeniletea nyumba? Chatu ndiye ninayemfikiria."

Leseni yake ameitundika sebuleni kwenye fremu. Nyoka ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimwachi mtu amwokote porini akamfanye wake. Mwalimu anataka chumba kimoja cha maonyesho, wanafunzi waje waone. Kuhusu chatu ana sababu yake. Marehemu baba yake alikuwa Myeye, wa chama kile cha nyoka kinachojulikana Unyamwezini na Usukumani, watu wa kushika nyoka, kucheza nao ngomani na kuwatibu walioumwa. Chatu ndiye nyoka wa utotoni mwake.

Nikachomoa futi. Kijana wangu akashika ncha ukutani, mimi nikavuta nikipita mezani, nikapita mlango, nikasimama barazani kwenye mita 4.

"Mwalimu, huyu hapa akikomaa. Na anaweza kuzidi."

Akatazama futi kutoka mwanzo hadi mwisho. Alikaa kimya muda mrefu.

"Baba alikuwa akiwarudisha porini ngoma zikiisha," akasema. "Sikuwahi kujiuliza kwa nini."

Mjukuu wake alishamwonyesha kwenye simu chatu mwingine, yule mdogo wa Afrika Magharibi anayejikunja kama mpira akiogopa. Huyo hufikia mita 1.2 hadi 1.5, na hupendwa sana na wafugaji wa Ulaya na Marekani. Akibaki mfupi angeenea humu. Lakini makao yake ya asili ni kuanzia Senegali hadi Uganda, si huku kwetu. Chatu wote wako kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo kumvusha mpaka ni makaratasi juu ya makaratasi. Hupenda upande wa joto ufike nyuzi 31 au 32, na anaweza kususa chakula kwa miezi. Tena huishi zaidi ya miaka 20.

"Mimi nina 68," Mwalimu akasema. "Nitamwachia nani?"

Swali hilo ningependa kila mteja alifikie mwenyewe.

Ukukwi, wale wembamba wa kijani, tuliwapita haraka. Ni nyoka wa matawi, wanataka kimo kuliko upana, na hula mijusi na vyura ambao huwezi kuwapata kila wiki. Wenye sumu kali, kifutu, swila, koboko, hatukuwataja hata kidogo. Nyumbani kwa mtu mwenye wajukuu siwatengenezei kizimba, hata nilipwe mara tatu.

Wakabaki wawili. Wa kwanza ni yule mla mayai. Mwalimu anafuga kware nyuma ya nyumba, akachangamka kweli. Nyoka huyu hana meno ya maana, humeza yai zima, hulivunja kwa mifupa ya uti wa mgongo iliyochomoza kooni, kisha hutema ganda limekunjwa. Yai la kuku humshinda wengi wao, la kware humfaa. Wanafunzi wangeshangaa.

Hapo nilimpinga, kwa heshima. Mla mayai ana madoa yanayomfanya afanane na nyoka wenye sumu, na akitishwa husugua magamba yake hadi yatoe sauti kama mvumo wa kifutu. Mtoto aliyezoea kumwona wa kizimbani amepoa, kesho akikutana na kifutu shambani kwao, mkono wake utakwenda wapi? Kwa mfugaji wa peke yake nisingesema kitu. Kwa chumba cha wanafunzi nilisema hapana.

Wa pili ni yule wa kahawia anayefuata panya majumbani, mwenye mistari miwili ya rangi hafifu kila upande wa kichwa, mmoja ukipita kwenye jicho. Hana sumu, huua kwa kubana. Jike, ambaye ndiye mkubwa, kwa kawaida hukaa kwenye sentimita 90, mara chache hufikia mita 1.2. Humu anajinyoosha bila kugusa pua ukutani. Watu wetu humpiga rungu kila siku, ilhali anamaliza panya bure.

"Basi huyo," Mwalimu akasema. "Waje wamjue kabla hawajamuua."

Tukakubaliana atamnunua kwa mfugaji mwenye leseni, na atafuga panya weupe wa kumlisha. Panya wa kutegwa mtaani hapana, huenda amekula sumu.

Saa 7:30 mchana

Ugali na mlenda kwa Mwalimu. Umeme umekatika tukiwa tunanawa mikono.

Saa 9:00 alasiri

Umekuja. Tunawasha balbu ya kauri, ile inayotoa joto bila mwanga, iliyoagizwa Dar es Salaam. Nimeizungushia kikapu cha waya, maana nyoka hujiviringisha kwenye balbu na kuungua. Imeunganishwa na kidhibiti joto. Baada ya saa moja na nusu upande wa joto umesoma 30, wa baridi 24. Hiyo tofauti ndiyo ninayoitafuta: nyoka asogee mwenyewe anapotaka. Kizimba nimekisogeza mbali na dirisha, kwa sababu jua likipiga kioo moja kwa moja ndani panakuwa tanuri. Kwa usiku umeme ukikatika, nimemwonyesha Mwalimu chupa za maji ya moto zilizofungwa kanga, ziwekwe upande mmoja tu.

Alitaka maranda ya karakana yangu yatandikwe chini. Nimemkatalia, ninayo mengi lakini yamechanganyika na ya msonobari, na utomvu wake unaweza kuwadhuru nyoka. Kwa kuanzia magazeti ya zamani yanatosha, ukiona uchafu unabadilisha.

Saa 11:00 jioni

Karakana. Kilichobaki kwenye kazi ya Mwalimu ni maficho mawili, moja la upande wa joto na moja la baridi, kila moja la kumtosha nyoka akijikunja awe ameguswa pande zote. Nimekivuta kile kizimba cha zamani kutoka konani. Waya nimeutupa. Mbao zake ni mninga mzuri, hazijapinda. Nimezisugua kwa msasa mpaka rangi mpya ikatoka, nikapima sentimita 25 kwa 20, nikapiga mstari kwa penseli, nikaanza kukata.