Kulizunguka Waldo kwa baiskeli

Jana nimelizunguka ziwa Waldo, kama kilomita 35 za kijia chembamba ndani ya msitu wa taifa wa Willamette (Willamette National Forest), hapa Oregon, Marekani. Niliingoja Septemba kwa makusudi. Mwezi wa saba mbu wa kule hawakuachi hata unywe maji.

Nilianzia kambi ya North Waldo nikaelekea magharibi, ziwa likiwa kushoto kwangu. Kipande cha kwanza ni msitu ulioungua mwaka 1996. Miti iliyokufa bado imesimama, imechujuka, haina hata ganda, na misonobari midogo inachipukia katikati yake. Kivuli hakuna, vumbi linaingia kwenye mnyororo, lakini ziwa unaliona muda wote. Mbele kidogo, maji yanatoka ziwani na kuanzisha mojawapo ya matawi ya mto Willamette. Pale nililaza baiskeli nikainama. Gogo lilikuwa limezama mbali chini, nami niliweza kuona nyufa za ubao wake, na kivuli chake kimelala juu ya mchanga.

Mimi ni mtoto wa Mwanza. Ziwa Victoria halina mfano Afrika kwa ukubwa, ila kina chake ni kama mita 80 tu. Waldo, lenye kilomita za mraba 25 hivi, lina mita 128, na siku tulivu jicho linafika mita 30 na zaidi. Hakuna mto wa kudumu unaoingia humo. Maji yake ni theluji na mvua, hayaji na udongo wala mbolea ya mashamba, kwa hiyo mwani unakosa chakula. Victoria linapokea Kagera, Mara, Simiyu na kila kilichomwagwa njiani, na sisi tuliokulia ufukweni tunayajua magugu maji.

Upande wa magharibi ni wa kazi: mawe, mizizi, milima mifupi inayokata pumzi. Sehemu nyingine nilishuka nikasukuma. Huko njia inapita karibu kabisa na mpaka wa pori lililotengwa mwaka 1984, na ukiuvuka, baiskeli ni marufuku, kwa sheria ya 1964 inayokataza vyombo vya usafiri vya kimashine katika mapori ya namna hiyo. Ninaoendesha nao wanaichukia sheria hiyo. Mimi naitetea. Tumepewa ukanda mzima wa kando ya ziwa. Huko juu pabaki pa miguu na farasi. Boti za petroli nazo zimekatazwa ziwani, na nimefurahi mno, maana ziwa lisilo na mto wa kulisuuza likishaingia mafuta litakaa nayo.

Kwenye ghuba ya Klovdahl nilikaa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Mwanzoni mwa karne ya 20 mhandisi Simon Klovdahl alichimba handaki pale ili ayateremshe maji haya yakatumike mabondeni. Mradi haukufanikiwa. Niliwaza handaki lile likifanya kazi, ziwa likipanda na kushuka kwa mahitaji ya watu, kingo zimeachwa tope tupu, na nikasikia uchungu wa kweli kwa jambo ambalo halikutokea.

Kuanzia Shadow Bay, ghuba ya kusini-mashariki mwa ziwa, njia ni laini, giya kubwa inatosha, na jua la jioni lilikuwa mgongoni kwa ziwa. Mdogo wangu anakuja mwakani kutoka nyumbani. Yeye nitamwanzishia upande huo.