Maji ya Moto Dodoma na Umeme Unaopotea Bure

Kipupwe kikiingia, wengi wa wenye nyumba za kulala wageni hapa Dodoma huwasha hita za maji usiku na mchana, kisha hulalamika kwamba uniti za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, zinakwisha haraka. Nimekuwa nikiwaeleza wanaonisikiliza kwamba, kabla ya kununua mtambo mpya, wazuie kwanza joto lisipotee.

Kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 60 za Selsiasi hudai takribani uniti 4.7 za umeme, na hapo hakuna hita ya kawaida ya umeme itakayokupunguzia. Kinachopungua ni upotevu. Tangi linalokaa na moto mchana kutwa, wakati jua kali limewaondolea wageni haja ya maji ya moto, hupoteza joto hilo hewani saa baada ya saa. Vilevile, bomba la nusu inchi lenye urefu wa mita 15 hubeba zaidi ya lita mbili, na mgeni huzimwaga kila mara akisubiri maji ya moto yamfikie. Kifaa cha kuwasha na kuzima hita kwa saa maalumu, pamoja na sponji ya kuvisha mabomba, ni gharama ndogo mno kuliko hasara hiyo.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni chumvi. Maji yetu ya visima vya Makutupora yana chokaa, na kadiri yanavyopashwa moto ndivyo chokaa inavyoganda kwa kasi. Nimeona koili iliyotolewa kwenye tangi ikiwa imefunikwa utando mweupe, mgumu kama ganda la yai. Koili ya namna hiyo hushindwa kutoa joto lake na mwishowe huungua. Kwa hiyo nyuzi 60 zinatosha. Usishushe tangi chini ya hapo, kwa kuwa bakteria wa Legionella, wanaoshambulia mapafu, huzaliana katika maji ya uvuguvugu.

Jua tunalo tele, nami naliunga mkono kwa moyo wote. Kwa kuwa tuko kusini mwa Ikweta, paneli ya kupashia maji ielekezwe kaskazini na tangi likae juu yake, ili maji ya moto yapande yenyewe bila pampu. Kwa maji yetu ya chumvi, chagua mtambo ambao kimiminika kinachopita kwenye paneli hakichanganyiki na maji ya kuoga. Na anayejenga sasa amwombe mchoraji ramani apange mabafu na jiko yapakane, karibu na tangi, kabla msingi haujachimbwa.