Tumbo Limehama

Mei 2018, wiki mbili hivi baada ya bwawa la Solai kupasuka, gumzo la Nakuru lilikuwa bado ni maji. Mwanangu wa miaka sita alipoanza kulalamika tumbo, kila mtu nyumbani alikuwa na jibu mkononi. Jumatano usiku alishika kitovu, akakataa chai, akatapika mara moja. Mama yake akasema ni maji machafu. Shosho akasema ni minyoo. Mimi nikayasingizia mahindi choma.

Alhamisi nikampeleka kliniki ya mtaani. Malaria hakuna, lakini karatasi ya maabara ikaja na taifodi. Sisi huku karatasi ya taifodi tunaiamini kuliko hati ya shamba. Nikalipa, nikabeba dawa, nikarudi nyumbani roho imetulia. Jioni mtoto akaniambia, "Baba, tumbo limehama."

Nikacheka. Tumbo lihamie wapi?

Ijumaa aliamka amejikunja, anatembea ameinama kama kizee. Kwenye matatu kutoka Free Area, kila tuta lilipopitwa alinibana mkono na kuuma midomo. Hospitalini daktari kijana alimsikiliza, kisha akamwomba aruke kwa mguu mmoja. Mtoto akamwangalia kama mtu aliyeambiwa aruke kutoka ghorofani. Daktari hakurudia. "Mzee, huyu apigwe ultrasaundi sasa hivi."

Nilijua ultrasaundi ni ya wajawazito tu. Tulikuta foleni ya akina mama, mmoja akatupisha.

Mama aliyekuwa akiendesha mashine hakuanza na mashine. Aliinama akamwambia mwanangu, "Baba, nionyeshe kwa kidole kimoja tu, panauma wapi?" Kidole kikaenda moja kwa moja chini, upande wa kulia, kati ya kitovu na mfupa wa nyonga. Hakikusita hata kidogo. Nilitazama pembeni.

Akapaka jeli, akachukua kile kifaa chenye uso bapa, akakiweka palepale. Nilitarajia akipitishe juu juu kama anayepiga pasi. Yeye alikuwa anabana, polepole sana, huku akimwuliza habari za shule. Alinieleza bila kuondoa macho kwenye skrini: utumbo wenye afya ukibanwa hulala na hewa yake husogea, halafu kinachoumwa hubaki kimesimama. Baadaye nilisoma kwamba mbinu hiyo ilielezwa na daktari wa Uholanzi, Julien Puylaert, mwaka 1986. Siku ile niliona ni mkono wa huyo mama tu.

"Huyu hapa," akasema. Mimi niliona ukungu. Akanifuatishia kwa kalamu: kamrija, mwisho wake umefungwa, hakachezi kama utumbo mwingine. Akageuza kifaa, mrija ukawa duara ndani ya duara. Akapima: milimita 9. Ikizidi 6, alisema, na haibonyei, tunaanza kushuku. Ndani kulikuwa na kitu cheupe kinachotupa kivuli, kijiwe cha kinyesi kigumu kilichoziba njia. Kidole tumbo.

Nikamwuliza kwa nini wasimpige ile picha kubwa ya kompyuta tuwe na uhakika. Akasema ile ina mionzi, na kwa mtoto huanza na hii isiyo nayo. Halafu akaongeza jambo ambalo wataalamu wengi hawapendi kulisema mbele ya mzazi: "Leo nimekiona. Siku nyingine kinajificha nyuma ya utumbo, sikioni. Nisipokiona, haina maana hakipo."

Alipasuliwa usiku uleule. Kilikuwa kimevimba lakini hakijapasuka. Daktari wa upasuaji alisema watoto wadogo mara nyingi hufika kikiwa tayari kimepasuka, akanyamaza, nami sikutaka amalizie.

Asubuhi nilimwambia mwanangu, "Wamekitoa kidole tumbo." Akavuta mikono kutoka chini ya blanketi akahesabu vidole, vyote kumi, kisha akaanza kuhesabu vya miguu.

Siku ya kurudi nyumbani nilichagua kiti cha mbele, karibu na dereva, nimsihi apunguze mwendo. Tuta la kwanza nilimgeukia mtoto. Alikuwa dirishani, anahesabu lori.